Kabla ya Kuongeza Rangi ya Kumi na Saba

Mwezi wa tisa, mvua ikiwa bado haijarudi, miti ya miyombo ya Kibondo, mkoani Kigoma, huanza kuchipua. Mgeni aliyekua akijua kwamba jani ni kijani hupigwa na butwaa: majani machanga hutoka mekundu, mengine ya shaba, mengine yanakaribia damu ya mzee, na kilima kizima huonekana kinawaka bila moshi (ingawa msimu huo moshi wa kweli nao haukosekani, maana ndio wakati wa kuchoma nyasi). Udongo chini ya miti nao ni mwekundu. Hapa na pale umesimama mti ambao majani yake yameshakomaa, kijani kilichokolea.

Sasa jaribu kuichora mandhari hiyo kwa pikseli. Picha ya pikseli hujengwa mraba kwa mraba, kama fundi anavyopanga vigae, na kila mraba hubeba rangi moja tu. Chukua uwanja wa miraba 32 kwa 32, yaani miraba 1,024, na paleti, yaani orodha ya rangi zinazoruhusiwa, yenye rangi 16. Nitatumia ile ya PICO-8, programu ya kutengenezea michezo midogo ambayo rangi zake 16 wachoraji wengi wa fani hii wanazijua kwa moyo. Nyekundu yake huandikwa kwa namba tatu: 255, 0, 77. Nyekundu imejaa, kijani hakuna, bluu ni kidogo. Kijani chake kilichokolea ni 0, 135, 81. Weka chipukizi jekundu mbele ya mti wa kijani. Kwenye kioo panapendeza, hata macho yanacheza. Kisha igeuze picha iwe ya kijivu, kwa ile hesabu ya kawaida inayoipa kijani uzito wa 0.587, nyekundu 0.299 na bluu 0.114. Nyekundu inatua kwenye 85. Kijani kinatua kwenye 88. Kwa kipimo kinachoanzia 0 hadi 255, tofauti ya 3 jicho huiona kwa shida sana. Chipukizi limemezwa na mti.

Mchoraji aliyefika hapo hulalamika, na lalamiko lake kwa kawaida ni moja: rangi hazitoshi, tuongezeeni. Hapo ndipo swali la namna ya kusikiliza maoni ya watumiaji wa zana za kuchorea linapoanza kuwa gumu. Mtu anayeingia duka la dawa akataja jina la kidonge bila kusema anaumwa wapi, maumivu yake ni ya kweli. Cha kutilia shaka ni kidonge. Mchoraji wetu hana upungufu wa rangi. Anazo nyekundu na kijani, na zote ni nzuri. Anachokosa ni tofauti ya mwanga kati yazo, na zana haikumwambia. Ukimpa rangi ya kumi na saba, atapata nafasi ya kulirudia kosa lilelile.

Mwanzoni uchache wa rangi ulitokana na umaskini wa mashine. Susan Kare, aliyejiunga na Apple mwanzoni mwa miaka ya 1980, alichora alama za kompyuta ya Macintosh kwenye daftari la miraba, 32 kwa 32, nyeusi na nyeupe tu kwa sababu mashine ile ya 1984 haikuwa na rangi nyingine. Amewahi kueleza kwamba kazi hiyo ilikuwa na undugu na kudarizi kwa kuhesabu mishono na kupanga vigae, kazi alizokuwa ameshazifanya. Game Boy ya Nintendo, iliyotoka 1989, ilikuwa na ngazi nne tu za kijani kilichopooza, na watoto wa dunia nzima waliona ndani yake mapango, bahari na majoka. Mashine hizo zimepitwa na wakati, lakini uchache umebaki kwa hiari, kwa sababu waliouzoea waligundua kwamba rangi chache humlazimisha mtu kufikiri.

Kwetu jambo hili halina ugeni. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi ya mafuta ya madukani, ile ya kupakia baiskeli na milango, kwenye mbao laini za kujengea dari. Paleti yake iliamuliwa na makopo yaliyokuwapo dukani. Khanga nayo imekuwa hivyo tangu zamani: kila rangi inayoongezwa ni hatua nyingine ya uchapaji na gharama nyingine, kwa hiyo msanifu hujifunza kufanya mengi kwa rangi mbili tatu. Hakuna mama anayeilaumu khanga kwamba rangi zake ni chache. Atalaumu kwamba haziendani, kwamba zinapauka, au kwamba inachuja. Hayo ni maoni ya mtumiaji, tena ya kitaalamu.

Leo zana za kupangia rangi ni nyingi. Aseprite, aliyoianza David Capello wa Argentina mwaka 2001, ndiyo meza ya kazi ya wachoraji wengi wa pikseli. Lospec imekusanya maelfu ya paleti ambazo mtu anaweza kuchukua na kutumia. Maombi yanayowafikia watengenezaji wa zana za aina hii hayatofautiani sana, na mengine hayahitaji mjadala. Kufunga rangi unayoipenda ili isiguswe wakati unajaribu nyingine ni jambo la lazima, sawa na kushika ncha ya ukili kwa vidole vya mguu mikono ikiendelea kusuka. Kubadilisha rangi moja mahali pamoja na picha nzima ikafuata ndiyo faida kubwa ya kuwa na paleti. Zana isiyoweza hilo ni kopo la rangi lenye kioo. Kitufe cha kuzalisha rangi kwa bahati nasibu kinachekesha kwa dakika tano.

Lipo ombi moja linalopendwa sana ambalo mimi nina shaka nalo: zana itengeneze yenyewe ngazi ya rangi, kutoka kivuli hadi mwanga. Fomula inayotumika sana huvuta kivuli kuelekea bluu na mwanga kuelekea manjano, kwa kuwa nje, mchana wenye anga safi, kivuli hupata mwanga wa samawati kutoka juu. Inafaa mahali pengi. Lakini simama saa nane mchana kwenye barabara ya vumbi jirani na Makere, wilayani Kasulu, uangalie sehemu ya chini ya ukuta uliopakwa chokaa. Kivuli hapo kina wekundu, kwa sababu udongo unarudisha mwanga wake juu. Zana inayojaza kivuli cha bluu kila mahali imejifunza anga ya kwingine, na picha zake zote zitafanana kama sare.

Nimetaja sare kwa sababu watu wenye ujuzi mkubwa wa picha za miraba huko Kasulu na Kibondo hawajawahi kuulizwa chochote kuhusu programu. Nyanda hizo zina baridi ya asubuhi, na wanafunzi huvaa masweta. Sweta la shule likiwa na mistari miwili shingoni na herufi za jina la shule kifuani, tayari ni picha ya pikseli: kila kitanzi cha uzi ni mraba mmoja wenye rangi moja, na anayefuma huhesabu. Mpe mtu huyo programu ya kupanga rangi, kisha sikiliza.

Kwanza atakwambia kwamba miraba yako si ya kweli. Kitanzi cha sweta ni kipana kuliko urefu wake. Katika ufumaji wa kawaida, eneo la sentimita 10 kwa 10 linaweza kuchukua vitanzi 20 kwa upana na mistari 28 kwa kwenda juu. Chora duara zuri kwenye kioo, ulifume, na utavaa yai lililolala kifuani. Anayejua kazi hurefusha mchoro mapema, kichwani. Zana ingeweza kumfanyia hilo kwa kuruhusu mraba ubadilishwe umbo, na ajabu ni kwamba kompyuta za zamani ziliijua shida hiyohiyo: Commodore 64 ya mwaka 1982, ukitaka rangi nyingi, ilikupa pikseli zenye upana mara mbili.

La pili atakalosema ni zito zaidi. Kufuma mstari mmoja kwa rangi mbili ni kazi ya kila siku. Rangi tatu kwenye mstari uleule ni tabu: uzi usiotumika hupita nyuma ya sweta, unajikunja, unanasa vidole vya mtoto anapovaa, na uzito unaongezeka. Kwa hiyo swali lake halihusu idadi ya rangi kwenye picha nzima. Anataka kujua kila mstari una rangi ngapi, na ni mstari gani umevuka mbili. Simjui mtumiaji wa kompyuta ya mezani ambaye hilo lingemjia kichwani, lakini kompyuta za zamani ziliishi ndani ya kanuni ya namna hiyo. ZX Spectrum ya mwaka 1982 iliruhusu rangi mbili tu ndani ya kila kipande cha pikseli 8 kwa 8, na wachoraji wake walijipanga kama mafundi sweta. Onyo dogo pembeni ya mstari, alama nyekundu tu, lingemsaidia fundi wa Kibondo na mwana wa mjini anayetengeneza mchezo wa mtindo wa kale kwa pamoja.

Tatu, rangi zake ziko rafu ya dukani. Hana haja na rangi milioni 16 ambazo kioo kinaweza kuonyesha ikiwa mwenye duka ana nyuzi tisa. Anataka kuanza na zile tisa. Suluhisho linalopendekezwa haraka ni kupiga picha mabunda ya uzi na kuiacha zana inyonye rangi. Hapa pana mtego. Picha iliyopigwa kivulini chini ya bati, picha ya juani na picha ya usiku chini ya taa zitatoa nyekundu tatu za uzi mmoja. Njia ya kawaida ya kupunguza kosa ni kuweka karatasi nyeupe kando ya uzi ili zana ijue nyeupe ya mahali hapo ikoje. Maelekezo ya mstari mmoja yangetosha, na kitufe kimoja.

Msukaji wa vikapu vya mduara ana hoja nyingine, nayo nitaipitia upesi. Kikapu cha kuzungusha hakina safu na nguzo. Kila mzunguko unaotoka nje ya uliotangulia ni mrefu zaidi, kwa kiasi cha upana wa msuko mara sita na ushei, ndiyo maana pambo lililoanza kitovuni kama nyota huinama na kusokoteka likifika ukingoni asipolifuatilia. Uwanja wa miraba hauwezi kumsaidia mpaka ugeuzwe duara. Hii ni kazi ya zana tofauti, na mtengenezaji mwaminifu aseme hivyo kuliko kubandika kipengele ambacho hakitafanya kazi.

Turudi kwenye lugha, maana hapo maoni ya watu wetu yana utajiri. Programu huita rangi kwa namba: #AB5236. Hiyo ni kahawia ya PICO-8, na mtu wa Kasulu akiiona atasema udongo, au tofali. Kiswahili kina rangi tatu tu ambazo ni vivumishi halisi vinavyofuata ngeli, nyeupe, nyeusi na nyekundu. Zilizobaki tumezikopa kwa vitu au kwa lugha nyingine: kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, manjano kwa bizari, chungwa, zambarau, waridi, maji ya kunde, ugoro, damu ya mzee. Jina la kitu hukaa kichwani kuliko namba, na kwa zana inayokusudia mtu akumbuke alichotumia jana, hilo si jambo dogo. Ila majina hayo hayatulii. Wengine huita hudhurungi kile ambacho wenzao huita kahawia; samawati ya kitabuni huwa bluu bahari dukani; na kijana ambaye hajawahi kuona ugoro hawezi kujua rangi yake. Huko Kasulu na Kibondo, Kiha na Kirundi pia husikika katika soko moja, nazo ni lugha zinazoelewana. Mtengenezaji asijaribu kuamua jina sahihi. Aweke nafasi ya mtu kuandika jina lake mwenyewe kando ya kila rangi, basi.

Kuna kitu kingine kwenye lugha ambacho naona kimepuuzwa. Zana nyingi zina vitelezi vitatu vyenye majina ya kigeni ambayo mwanafunzi huyakariri bila kuyaelewa. Kiswahili tayari kina vitenzi vya kazi hiyo. Rangi hukolea na hupauka. Huwaka na hufifia. Hupoa. Mtu wa sokoni huvitumia bila kufundishwa: "hii imekolea mno, nipe iliyopauka kidogo." Kitelezi chenye "kupauka" upande mmoja na "kukolea" upande wa pili hakihitaji maelezo. Cha mwanga kinahitaji "giza" na "mwanga", na ndicho kingemwokoa mchoraji wetu wa miyombo kama angekiona mapema.

Sasa nijipinge mwenyewe. Nimesema rangi ya kumi na saba si dawa, lakini pana mahali ambapo ombi hilo lina haki. Mchore mtoto wa Kibondo kwa paleti ile ya PICO-8. Kuna kahawia moja, 171, 82, 54, na kuna pichi hafifu, 255, 204, 170. Katikati hakuna kitu kinachofanana na maji ya kunde, na chini ya kahawia hakuna ngazi ya kivuli kwa mtu mweusi zaidi. Mchoraji mjanja huazima zambarau iliyokolea, 126, 37, 83, akaifanya kivuli cha shavu, na kusema kweli inapendeza. Lakini ujanja huo ni kodi inayolipwa na mmoja tu. Anayechora uso wa pichi hailipi. Kampuni ya Crayola ya Marekani ilikuwa na kalamu ya rangi iliyoitwa "nyama ya mwili", ikimaanisha mwili wa mzungu, ikaibadilisha jina mwaka 1962 kuwa pichi. Paleti nyingi bado zimejengwa na dhana ile bila jina lake. Mtumiaji wa Kigoma akiomba kahawia tatu, asijibiwe kwamba uchache ni sanaa. Ajibiwe kwa kuondolewa moja ya rangi anazoziona mara moja kwa mwaka na kuwekewa anazoziona kila siku kwenye uso wa mama yake.

Kuhusu watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, sitakaa sana. Kwa watu wa asili ya Ulaya, mwanamume mmoja kati ya 12 hivi ana kasoro ya namna hiyo. Afrika kiwango kiko chini zaidi, lakini wapo. Kitufe cha kijivu, yaani cha kuigeuza picha iwe ya kijivu, kinachofichua tatizo la miyombo kinafichua sehemu kubwa ya tatizo lao pia, na kinawasaidia hata wenye macho mazima wanaotazama simu ya bei nafuu chini ya jua la mchana, pale ambapo kioo hupoteza rangi kwanza na kubakiza mwanga na giza.

Simu yenyewe ni suala. Zana inayodai intaneti ili kufungua paleti ya rangi 16 inamtoza mtu bando kwa kitu chepesi mno. Hesabu: miraba 1,024, kila mmoja ukihitaji biti 4 kutaja rangi moja kati ya 16, ni baiti 512. Ongeza baiti 48 za paleti yenyewe, unapata 560. Ujumbe mmoja wa SMS hubeba baiti 140. Picha nzima, pamoja na rangi zake, ina ujazo wa SMS nne. Hakuna sababu ya kiufundi ya kumnyima mtu kuchora bando likiisha.

Mazingira ya watu wengi kutumia kifaa kimoja nayo hayana mwakilishi mezani. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na kupokea Warundi wengi kuanzia 2015, imekuwa na madarasa ya mpango wa Instant Network Schools wa Vodafone Foundation na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, ambao seti yake ya darasa huwa na tableti 25, kompyuta mpakato na projekta. Mwanafunzi wa darasa kama hilo hana uhakika wa kuikuta tableti ya jana. Kwake, kuhifadhi kazi ndani ya kifaa ni sawa na kuandika mchangani. Anahitaji paleti anayoweza kuinakili kwenye daftari, namba na majina, na kuiandika upya kesho kwa dakika mbili. Wachoraji wenye kompyuta zao hawawezi kuomba kipengele hicho, kwa kuwa hawajawahi kukikosa.

Na hapo ndipo naona kasoro kubwa ya utaratibu mzima wa kukusanya maoni. Husikika anayeandika, kwa Kiingereza, akiwa na kifaa chake na muda wake. Mpango wa MADE51 wa UNHCR huunganisha kazi za mikono za wakimbizi na masoko ya nje. WomenCraft, kampuni ya kijamii yenye makao Ngara, imepeleka huko kazi za wanawake wasukaji wa ukanda huu wa mpakani, wakiwemo wakimbizi wa Burundi. Katika biashara ya namna hiyo mnunuzi wa mbali ndiye mwenye sauti juu ya rangi za msimu, na msukaji hutimiza oda. Zana nzuri ya paleti ingeweza kumpa msukaji namna ya kujibu: nimeiona rangi unayotaka, haipo kwenye nyuzi zangu, hii hapa iliyo karibu nayo, na hivi ndivyo itakavyoonekana. Kipengele cha kulinganisha rangi mbili kando kwa kando kipo katika programu nyingi. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kinatumika kwa mazungumzo hayo.

Ombi langu kwa mtengenezaji yeyote anayesoma haya kabla ya kuongeza kipengele kingine: toa kitufe cha kijivu kutoka kwenye menyu ya tatu na ukiweke ukurasa wa kwanza. Kisha, pale palipoandikwa "ungependa tuongeze nini?", futa, uandike maswali mawili: ulikuwa unatengeneza nini, na ni kitu gani hakikuonekana? Acha nafasi ya kutosha kwa jibu la Kiswahili.